Jaji anaona kwa vidole

Wakati wa Westminster, mashindano makubwa ya mbwa hapa Marekani, jamaa zangu wakishatazama wale mbwa wa aina ya Poodle kwenye televisheni huniuliza swali lile lile: kwani anayeshinda si yule aliyenyolewa vizuri kuliko wenzake? Hapana. Kazi yangu ni kutengeneza manyoya ya mbwa hapa Maryland, na wikendi nyingi hunikuta pembeni mwa ulingo, kitana mkononi. Jaji anayeijua kazi yake hana haja na kinyozi. Anamtafuta mbwa aliyefichwa chini ya kazi ya kinyozi.

Tuanze na huyo Poodle. Kiwango cha American Kennel Club, yaani maelezo ya chama cha mbwa cha Marekani kuhusu jinsi kila aina inavyotakiwa kuwa, kinataja mikato ya manyoya kwa majina. Asiyetimiza miezi 12 anaruhusiwa mkato wa watoto. Akishavuka mwaka, kwenye madaraja ya kawaida ni English Saddle au Continental. Akija na mkato mwingine, hata atembee kama malkia, jaji anamtoa.

Kwenye Continental nusu ya nyuma hunyolewa, zikabaki bangili za miguuni, tufe la mkiani, na ukipenda, vishungi viwili juu ya nyonga. Hapo ndipo mkasi unapoanza kudanganya. Ukivisogeza vile vishungi kidogo, mgongo mrefu unaonekana mfupi. Ukiyasimamisha manyoya ya utosi kwa raba na sprei, shingo fupi inarefuka. Nilimtazama jaji mmoja, mama wa makamo, akimkagua Poodle mkubwa mweusi. Vidole vilizama kwenye manyoya ya shingo hadi sikuviona tena, vikashuka polepole kutafuta ncha za mabega. Kisha akaweka kiganja kimoja kwenye mfupa wa kifua na kingine nyuma kabisa ya makalio, akanyamaza kidogo. Alikuwa akipima, kwa sababu Poodle anatakiwa awe mraba: urefu wa mwili ukaribiane na kimo chake begani. Na haya yote kwa haraka, maana ratiba hukadiria mbwa 25 kwa saa.

Mbwa wenye manyoya magumu, kama Airedale na Border Terrier, ni habari nyingine. Wao hunyonyolewa kwa mkono, kwa kuwa mashine huyalainisha manyoya na kuyapausha rangi. Jaji akiyasugua kati ya vidole anajua mara moja.

Kinachoniuma ni Golden Retriever. Mbegu hii ilianzishwa Scotland karne ya 19 kwa ajili ya kuokota ndege waliopigwa risasi, hata majini, na manyoya yake ni koti la kazi. Kiwango chake kinasema wazi: manyoya ya nyayo yanaweza kupunguzwa na nywele zilizochomoza kusawazishwa, lakini sura ya asili ya manyoya na umbo isibadilishwe kwa kukata. Manyoya marefu kupita kiasi, au laini na yaliyolegea, hayatakiwi kabisa. Sasa njoo ulingoni uone: shingo imepunguzwa, kifua kimechongwa, mstari wa tumbo umenyooshwa kwa mkasi, na mbwa anapewa utepe wa ushindi!

Sababu ninaijua. Mkato usiokubalika humwondoa Poodle mashindanoni. Golden huondolewa kwa kimo kilichopitiliza au kupungua mno, na kwa meno yasiyokutana sawasawa. Kuchongwa ni kosa la kupimwa na jaji mwenyewe, na majaji wengi wanalipima kwa mkono mwepesi. Ningependa wamweke nyuma mbwa wa namna hiyo, hata kama amependeza, na mwenye mbwa akiuliza aambiwe sababu bila kuzungushwa. Wachongaji wataacha siku ile kuchonga kutakapoanza kugharimu utepe.

Kwenye meza yangu Golden anaoshwa, anakaushwa, anapunguzwa manyoya ya nyayo na ya masikioni, basi. Wapo wateja walionihama kwa hilo, na bei yangu haijabadilika.