NAS ya zamani inahitaji mshenga

Studio ya picha Mwanjelwa inanunua kompyuta mpya yenye Windows 11, na siku hiyohiyo NAS (sanduku la diski linalounganishwa kwenye mtandao) iliyobeba picha za harusi za miaka kumi haifunguki. Fundi wa kwanza atasema imekufa. Mara nyingi haijafa. Fungua Command Prompt, andika `ping 192.168.1.50` (weka anwani ya NAS yako). Ikijibu, basi mashine iko hai na huenda tatizo ni lugha.

NAS nyingi za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 zinajua SMB1 peke yake, toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kufungua folda za mtandaoni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kupitia tundu la SMB1, na mwaka huohuo Microsoft ikaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Mtandaoni utaelekezwa uirudishe SMB1 kwenye kompyuta yako. Usifanye hivyo. Unafungua mlango wa mashine unayoingia nayo benki na barua pepe kwa ajili ya sanduku lisilopata sasisho tena.

Anza na mipangilio ya NAS yenyewe. Ukurasa wake ukigoma kwa `https`, jaribu `http://` na anwani yake, maana vivinjari vya leo vimeacha TLS 1.0 na 1.1, ulinzi wa zamani wa `https`. Ndani, tafuta sehemu ya SMB uone kama SMB2 ipo ila imezimwa. Kwenye Synology kadhaa za zamani ni suala la kupandisha kiwango cha juu cha itifaki tu. Kisha tengeneza mtumiaji mwenye neno la siri. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inakataa folda zinazofunguliwa na mgeni asiye na jina, na inadai kila pakiti iwe na saini. Mgeni hana neno la siri, kwa hiyo hana cha kusainia. Unganisha hivi: `net use Z: \\192.168.1.50\picha /user:studio *`. Ikikubali, fungua PowerShell kama msimamizi, andika `Get-SmbConnection`, uangalie safu ya Dialect, yaani toleo la SMB linalotumika. Ukiona 2 au 3 mwanzoni, kazi imeisha.

Ikiwa NAS haijui chochote zaidi ya SMB1, hapo ndipo mshenga anapohitajika: kompyuta ndogo ya Linux inayoongea SMB1 na NAS upande mmoja na SMB3 na nyumba nzima upande wa pili. Raspberry Pi 4 inatosha, pamoja na adapta ya USB ya waya wa mtandao. Tundu la Pi lenyewe linaenda kwenye ruta. Adapta inaenda moja kwa moja kwenye NAS. Hivyo NAS haigusi mtandao wa nyumbani kabisa.

Watu wengi hukwama kwenye jambo moja: kabla ya kuichomoa NAS kwenye ruta, ipe anwani ya kudumu, tuseme 192.168.50.2, na adapta uipe 192.168.50.1. Ukisahau, NAS itakaa ikisubiri anwani kutoka kwa ruta ambayo haipo. Namba ya tatu ya anwani hizo (hapa 50) nayo isifanane na ya mtandao wa ruta.

Kwenye Pi sakinisha `samba` na `cifs-utils` (programu zinazoiwezesha Linux kuongea SMB), tengeneza mtumiaji wa Linux anayeitwa studio, kisha weka mstari huu kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha folda na diski za kuunganisha:

`//192.168.50.2/picha /mnt/zamani cifs vers=1.0,credentials=/etc/nas.siri,uid=studio,gid=studio,x-systemd.automount,_netdev 0 0`

Faili la `/etc/nas.siri` lina mistari miwili, `username=` na `password=`; lifunge kwa `chmod 600`. Neno `x-systemd.automount` usiliache. Umeme ukikatika na kurudi, Pi inawaka haraka wakati NAS bado inakagua diski zake kwa dakika kadhaa. Bila neno hilo Pi inajaribu mapema, inashindwa, na folda inabaki tupu. Mwisho ongeza folda `/mnt/zamani` kwenye `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba, ikiwa na `read only = no` na `valid users = studio`, weka `server min protocol = SMB3` kwenye sehemu ya `[global]`, endesha `smbpasswd -a studio`, kisha uiwashe Samba upya. Kwenye Windows tumia amri ileile ya `net use`, ila weka anwani ya Pi na jina ulilolipa folda hiyo kwenye `smb.conf`.

Umeme wa huku kwetu unastahili neno lake. Msimu wa mvua, radi za Tukuyu na Mbeya hupitia hata waya wa mtandao, kwa hiyo ngurumo zikianza chomoa waya wa umeme na wa mtandao. Ukisikia diski zinagonga tik-tik na kuanza upya, pima adapta kwa mita huku NAS ikifanya kazi: ya volti 12 ikishuka chini ya 11.4, ibadilishe kabla hujailaumu diski. Betri ndogo ya ruta haitaiwasha NAS ya diski mbili, maana diski kubwa inaweza kuvuta karibu ampea 2 inapoanza kuzunguka. Na vumbi la kiangazi, Juni hadi Oktoba, huziba feni. Ipulize kila mwezi.

Usiifungulie NAS hii njia ya intaneti. Juni 2021 wenye My Book Live, NAS ya Western Digital ambayo sasisho lake la mwisho lilikuwa la 2015, waliamka wakakuta data zimefutwa.

Halafu nakili kila kitu kwenye diski nyingine, leo:

`robocopy Z:\ D:\Nakala /E /FFT /R:1 /W:1`

`/R:1 /W:1` ni muhimu, kwa sababu bila hizo robocopy hurudia faili bovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Usitumie `/MIR`: kilichopotea kwenye NAS kitafutwa na kwenye nakala. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, GB 500 huchukua kama saa saba, basi anza jioni. Asubuhi fungua picha kumi za miaka tofauti kutoka kwenye nakala, uzikuze hadi uone nyuso.