Anayemuuguza mama naye anaugua

Dada yangu mkubwa amepata mkanda wa jeshi. Malengelenge yamejipanga ubavu wa kushoto, kutoka mgongoni hadi chini ya titi, na hata kanga ikimgusa tu anasaga meno. Mtaani minong'ono imeshaanza, maana kwetu mtu akipata mkanda wa jeshi watu wanawaza virusi vya ukimwi kwanza. Zahanati walimshauri apime, akapima. Hana.

Alichonacho ni miaka ya kutolala. Mama ana ugonjwa wa kusahau. Usiku anaamka, anataka kurudi kwa wazazi wake waliokwisha fariki zamani, na dada ndiye anayemshika mkono wazunguke naye uani mpaka atulie. Alfajiri ikifika, uji unamsubiri yeye huyo huyo.

Virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni havikuwahi kumtoka. Vilijificha kwenye neva, vikazuiwa na chembe nyeupe za damu. Msongo wa mawazo ukidumu, tezi zilizo juu ya figo huendelea kumwaga kortisoli. Kwa muda mfupi homoni hiyo inausaidia mwili. Ikizidi miezi na miezi, chembe zile zinadhoofika na virusi vinapata upenyo wa kuibuka tena, safari hii kama mkanda wa jeshi. Umri nao unachangia, na dada amevuka hamsini. Lakini siamini kwamba ni umri peke yake.

Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao wenye maradhi kama ya mama, na wengine 13 wasiouguza mtu. Kila mmoja alitobolewa kidonda mkononi, milimita 3.5, kidogo kuliko punje ya mahindi. Vidonda vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9 hivi. Nilipolisoma hilo nilimwona dada yangu kabisa.

Kwa hiyo naomba tuache kumwambia "jikaze." Amejikaza vya kutosha. Mwezi ujao nakwenda kukaa na mama mimi, kisha mdogo wetu atanipokea. Kaka amesema akipata mshahara atamlipa mtu wa kukesha naye. Nimemshukuru, ila usiku wa leo tayari binamu yetu analala pale, na dada tumemhamishia chumba cha nyuma.