Utatafuna na nini

Leo siku ya nne, na bado naisikia sauti yangu mwenyewe.

Jumapili mama alimsikia yule binti wa ndoo anapita akinadi ming'oko, vile viazi vya porini, akaniambia, "Mwite." Na mimi nipo kwenye mbuzi nakuna nazi, wala sikuinua kichwa: "Mama, utatafuna na nini?"

"Ee, kweli," akasema. Basi. Akavuta kanga akajifunika shavu.

Mnaomjua mama mnajua hajawahi kumwambia mtu "ee, kweli."

Ningesema "ngoja nikupondee." Ningemwita tu yule binti. Majibu mazuri yote yananijia usiku, kama kawaida yangu. Sikukusudia ubaya, ni mazoea: tangu tutoke Dar, kila kinachokwenda mdomoni mwake mimi ndiye nakikagua. Lakini huyu ndiye aliyembishia daktari wa meno, "Haya hayaniumi, unang'oa ya nini?" Akaelezwa kwamba mfupa ukishapigwa mionzi damu yake hupungua, na jino likija kung'olewa baadaye kidonda kinaweza kisifunge kabisa, mfupa ukafa. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Ng'oa." Yakatoka sita. Na hapo taya la kushoto lilikuwa limeshakatwa, likaungwa kwa kamfupa kembamba kutoka mguuni.

Mwanzoni sisi huku tulihesabu ni jino bovu. Liling'olewa, kidonda kikakataa kufunga, mdomo wa chini ukafa ganzi, tukapewa vidonge mara tatu (kituo sikitaji). Kumbe saratani ya mfupa. Daktari alisema aina hii hupenda miguu ya vijana, na ikishika taya huwakuta zaidi watu wazima. Dawa yake kubwa ni kisu. Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, tulipelekwa kupigwa mionzi kwa sababu maabara ilikuta seli za saratani ukingoni mwa kipande kilichokatwa. Mara 33, Jumatatu hadi Ijumaa, uso umebanwa mezani kwa kinyago cha plastiki, na hakulia. Mimi nikaja kumliza kwa ming'oko.

Au hakulia. Sijui, kanga ilimfunika.

Jana narudi shule (mwalimu mkuu kahamishwa, na kipimo cha mama kimerudi safi, hayo nitaandika siku nyingine) nawakuta kibarazani yeye na Salumu, kinu katikati. Mtoto anatwanga ming'oko iliyochemshwa, bibi yake anamimina tui na kutoa amri. Nikasimama pale na mkoba wangu begani kama mgeni.

Mama akanitazama. Mdomo unaovutika upande mmoja, lakini kicheko kilekile:

"Njoo uonje. Au na wewe huna meno?"

Salumu alicheka mpaka mchi ukamponyoka.

Nikaonja. Ni kibaya, jamani. Kama gundi yenye nazi. Mama alimaliza kikombe kizima, kila kijiko na funda moja la maji, maana mate yaliyokaushwa na mionzi hayajarudi. Msamaha sijaomba. Nilijiandaa, nikaishia kuosha kinu.

Usiku mjomba kapiga simu kutoka Nanyamba: mikorosho imeanza kuchanua, dawa ya salfa imefika chama cha ushirika, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri mtu. Anauliza bomba la kupulizia liko wapi. Sijamwambia kwamba tuliliuza kupata nauli ya Dar.