Corolla 110: feni isiyozima na yaliyofichwa nyuma yake

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1996, mashine 5A-FE, cc 1498. Aliyeniuzia alilisifia sana kwamba halichemshi hata likae foleni ya Kimara mpaka usiku. Ni kweli halikuwa linachemsha. Ukifungua swichi tu, kabla hujapiga stati, feni ya rejeta inaanza kuzunguka, na haikomi mpaka uzime gari. Wengi wanalihesabu hilo kuwa jambo jema. Mimi lilinitia wasiwasi, maana feni ya Corolla haikutengenezwa ifanye kazi hivyo. Mtu aliiunga moja kwa moja kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado imo ndani ya gari.

Lakini sikuanzia hapo. Kilichokuwa kinaniudhi zaidi ni asubuhi: stata inazunguka vizuri, betri inasoma volti 12.6, ila gari haliwaki mpaka ukanyage mafuta na kubembeleza. Na taa ya injini ilikuwa inakuja na kuondoka itakavyo.

Jumamosi, kuhesabu taa

Gari za umri huu hazihitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko, kimeandikwa Diagnostic. Ndani yake unatafuta tundu la TE1 na la E1, unayaunganisha kwa klipu ya karatasi, unafungua swichi bila kuwasha gari, kisha unaangalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna tatizo lililohifadhiwa. Yangu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili tena. Namba 22: sensa ya joto la maji.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu nimeona watu wakinunua sensa isiyo yao. Kwenye mashine hii kuna vitu vitatu vinavyosikiliza joto la maji, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna chenye waya mmoja, kinachopeleka habari kwenye mshale wa dashibodi. Kuna chenye waya mbili, kinachozungumza na kontroli boksi, yaani kompyuta inayopimia mashine petroli. Na kuna swichi ya feni. Mshale unaweza kuwa sawa kabisa huku kontroli boksi imepofuka, nayo ikikosa habari hujifanya maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo kila asubuhi gari langu lilikuwa la baridi, lakini boksi lilikuwa linalipatia petroli ya gari lililokwisha kupata moto. Ndiyo maana lilikuwa haliwaki.

Sensa yenyewe niliipima ikiwa baridi, malitimita ikasoma kilo-omu 2 na kitu. Hiyo ni nzima. Kwa nyuzi 20 inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kwa nyuzi 80 ishuke hadi omu 200 mpaka 400. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Plastiki ya soketi ilikuwa imekauka kwa joto la miaka, na waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje huoni kitu. Ukiutikisa unashika, ukiuachia unaachia.

Soketi nilipata Ilala, Shaurimoyo, iliyokatwa kwenye gari jingine ikiwa na mkia wake wa waya. Nikaunga kwa kuchomelea badala ya kusokota na kuzungushia selotepu. Kufuta kumbukumbu ya boksi nikachomoa fyuzi ya EFI kwa muda, nikairudisha. Kesho yake gari likawaka kwa stati moja.

Halafu likaanza kunywa

Sikulitegemea hili. Sailensa, yaani mwendo wa mashine ukiwa hujakanyaga mafuta, ikawa inabaki juu muda mrefu, moshi una harufu ya petroli, na mshale wa mafuta unashuka haraka kuliko kabla ya matengenezo. Jirani yangu, fundi mkongwe, akacheka akasema, "Si nilikwambia? Gari la Mjapani likikuwakia, liache."

Ila ukilifikiria, gari lilikuwa linasema kweli. Mwanzoni boksi lilikuwa linajidanganya kwamba maji yana nyuzi 80. Sasa limepata habari sahihi, na habari yenyewe ni kwamba mashine haipati moto. Likawa linamimina petroli ya baridi njia nzima. Nikienda Morogoro Road kwa mwendo, mshale wa joto unalala kabisa chini.

Nikafungua mfuniko wa thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, nati mbili tu za spana namba 10. Ndani hakuna kitu. Patupu.

Nilimwita jirani aone.

"Sasa hiyo ya nini, mdogo wangu? Hiyo ni ya nchi za barafu. Sisi huku tunaitoa siku ya kwanza."

"Kaka, thamostati haiko kwa ajili ya barafu. Iko ili mashine ifike nyuzi 82 upesi na ikae hapohapo."

Hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Nampenda hivyohivyo, lakini ushauri huu wa kutoa thamostati umeharibu magari mengi mjini. Mashine inayokimbia baridi inakula mafuta, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Hiyo ni kutu, na kwa mitaa yetu inayotegemea maji ya kisima yenye chumvi, sishangai. Nilisukuma maji safi mpaka yakatoka meupe, kazi iliyochosha kuliko zote.

Thamostati mpya niliipima kabla ya kuifunga. Sufuria kuukuu, kipimajoto, thamostati ikining'inia kwenye uzi isiguse chini. Ilianza kufunguka ilipofika nyuzi 82 hivi, kama ilivyoandikwa ubavuni. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu. Ndipo hewa inapopitia. Kisha kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi.

Feni yenyewe

Sasa ndipo zamu ya feni ilipofika, kwa sababu thamostati ikiwepo na feni ikishindwa, gasketi ya silinda hedi haitakusubiri. Niliukata waya wa fundi aliyetangulia, mwembamba kiasi kwamba ulikuwa unapata moto ukiushika. Nikafungua swichi ya gari, nikachomoa soketi ya swichi ya feni. Kwa Toyota za namna hii swichi hiyo inapitisha umeme maji yakiwa ya baridi, na inaukata yakipanda kufikia nyuzi 93 hivi, ndipo feni inawaka. Ukichomoa soketi ni kama maji yamepata moto, kwa hiyo feni inapaswa kuzunguka yenyewe. (Vidole viwe mbali.) Haikuzunguka.

Fyuzi ya amperi 30 ilikuwa nzima. Mota niliilisha umeme wa betri moja kwa moja, ikazunguka bila kelele, inavuta amperi 6 na ushee. Imebaki rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Mtu anaweza kutaka kubadilishana na rilei ya honi kwa majaribio, maana ndio ujanja wa kawaida. Hapa hauwezekani: rilei ya feni hii inapitisha umeme ikiwa imelala, na inakata ikipewa umeme, kinyume cha ya honi. Nikaipima ikiwa imelala, malitimita ikakaa kimya. Nilipoipasua, meno yake yalikuwa meusi yameungua.

Kwa hiyo rilei ilikufa, gari likachemsha, fundi akatoa thamostati, haikusaidia, akaunga feni moja kwa moja. Huo ni ubashiri wangu, lakini sioni mpangilio mwingine unaoelezea vyote.

Rilei nyingine ikawekwa. Nililiacha gari linanguruma uwanjani, mfuniko wa rejeta ukiwa umefunguliwa tangu maji yakiwa baridi ili hewa itoke. (Yakishapata moto usiuguse kabisa.) Mpira wa juu ulikaa baridi kwa muda, kisha ghafla ukawa wa moto: thamostati imefunguka. Baadaye feni ikashtuka, ikazunguka, ikazima. Ikarudia tena.

Kwenye foleni ya Kimara, saa ya kutoka kazini, mshale ulikaa chini kidogo ya nusu bila kutikisika. Sailensa inashuka mapema, na harufu ya petroli imekwisha.

Kilichobaki: nilipochomoa plagi nikakuta oili kwenye mashimo ya plagi za silinda ya pili na ya tatu. Hiyo ni mipira ya mashimo hayo pamoja na gasketi ya kava ya juu. Seti nimeshanunua, ipo kwenye buti.