Bili ya hospitali Marekani: omba punguzo baada ya bima kushughulikia dai, si kabla

Ukiwa na bima Marekani, huduma moja ya hospitali huwa na bei tatu: iliyoandikwa na hospitali, iliyokubaliwa kati ya hospitali na bima, na ya mtu anayelipa taslimu bila kuihusisha bima. Wengi hukimbilia ya tatu pale inapokuwa ndogo kuliko zote. Kabla hujafanya hivyo, angalia didaktibo yako imebaki kiasi gani, yaani pesa unazotoa mfukoni kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia.

Tuseme didaktibo ni dola 3,000 na umeshatoa 500. Unapigwa picha ya MRI. Hospitali imeandika 4,800, bei ya makubaliano ni 2,100, bei ya taslimu ni 1,300. Ukipitisha kwenye bima, zote 2,100 zinaingia kwenye didaktibo, zinabaki 400. Sasa ndipo unaipigia hospitali na kuomba punguzo la asilimia 20 kwa kulipa mara moja. Wakikubali unalipa 1,680, lakini rekodi ya bima kwa kawaida inabaki 2,100, maana bima huandika deni lako siku inaposhughulikia dai, yaani ombi la malipo ambalo hospitali huitumia. Nyingi hazifuatilii ulilipa ngapi baadaye.

Ukilipa zile 1,300 taslimu umeokoa 380 leo, ila didaktibo haijasogea hata senti. Septemba ukahitaji upasuaji wa dola 9,000 kwa bei ya makubaliano, na bima inakuachia asilimia 20 baada ya didaktibo. Kwa upasuaji huo, aliyepitisha MRI kwenye bima atalipa 400 za didaktibo na 1,720, yaani asilimia 20 ya zilizobaki, jumla 2,120. Aliyelipa MRI taslimu atalipa 2,500 za didaktibo na 1,300, asilimia 20 ya zilizobaki, jumla 3,800. Ukijumlisha MRI na upasuaji, wa kwanza ametoa 3,800, wa pili 5,100. Zile 380 zimemgharimu 1,300.

Mwaka ukiwa ukingoni na hutarajii matibabu mengine, hesabu inageuka. Didaktibo nyingi huanza upya 1 Januari, kwa hiyo bei ya taslimu ni halali yako. Itake kwa maandishi kabla ya huduma: tangu 2022 sheria inakupa haki hiyo, na bili ikizidi makadirio hayo ya maandishi kwa dola 400 au zaidi una siku 120 za kuipinga.

Bili ikifika, usilipe kabla hujapata karatasi ya maelezo kutoka kwa bima, ile iliyoandikwa kwamba si bili. Linganisha kiasi unachodaiwa kwenye karatasi hizo mbili. Omba pia bili yenye mchanganuo wa kila huduma na msimbo wake, utafute kilichoandikwa mara mbili. Kosa la namna hii lisichanganywe na punguzo: hospitali ikilirekebisha na kutuma dai upya, kiasi kilichohesabiwa kwenye didaktibo yako nacho kitashuka, na ndivyo inavyopaswa. Kuna bima ambazo mkataba wake huhesabu tu kile ulichodaiwa baada ya msamaha, kwa hiyo soma wako. Na kwenye akaunti ya akiba ya afya, HSA, toa kile ulicholipa kweli, 1,680, si 2,100.

Kabla ya kubishana asilimia, uliza kama hospitali ni ya wasiotafuta faida. Hizo zinalazimika kisheria kuwa na mpango wa msaada wa kifedha, na unaweza kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Mipango mingi hupokea hata wenye bima. Ninasikitika kuona watu wanaweka deni lote kwenye kadi ya mkopo wiki ya kwanza: hapo hospitali imeshalipwa, haina cha kukupunguzia, na riba inaanza kuhesabiwa.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa bila malipo, hata kwa simu na ofisi ya bili. Mkikubaliana, taka barua inayosema kiasi hicho kinafuta salio lote, kisha ndipo ulipe.