Klachi Ishike Kwanza, Turbo Ifuate

Harufu ya klachi inayoungua huikosi jioni kwenye mlima wa kutoka Museum Hill kuelekea Westlands. Mara nyingi inatoka kwa Subaru Impreza WRX ya gia tano za mkono, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika, na dereva wake wala si mzembe. Anafanya yale yale aliyoyazoea kwenye gari lisilo na turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada: anaona gari zito kuondoka, anaongeza mafuta, klachi anaiacha nusu nusu. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na inaniuma, kwa sababu gari hili likiendeshwa vizuri lina utamu ambao otomatiki haiwezi kukupa.

Chini ya mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, turbo ya injini hii ya lita mbili haijaanza kusukuma hewa ya maana. Ikifika 3,000 hadi 3,500 imeamka kwelikweli. Kwa hiyo unapoondoka kutoka kusimama, una injini ndogo tu iliyobebeshwa kazi ya kuzungusha magurudumu yote manne. Nairobi inaongeza uzito. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na turbo inachelewa zaidi kuamka. Gari lile lile linaloondoka kwa wepesi Nyali, kule Mombasa, huonekana legevu kwenye milima ya Limuru. Dereva anajibu kwa kukanyaga mafuta. Resi, yaani mizunguko hiyo ya injini kwa dakika, zinapanda hadi 3,000 klachi ikiwa bado inateleza, turbo inaingia, nguvu inaruka ghafla, na diski ya klachi iliyokuwa ikisugua kidogo sasa inasugua chini ya nguvu yote ya injini. Sekunde chache za namna hiyo zinakula diski kuliko safari nzima ya Nakuru. Ndiyo maana naiweka kanuni moja mbele ya nyingine zote: klachi iwe imeshika kabisa kabla turbo haijaingia.

Mguu wa kushoto ndio wa kufundishwa kwanza. Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga pedali ya klachi hadi chini huku goti likibaki limekunjika kidogo. Ukikaa mbali, utaiachia pedali kwa nyonga badala ya kifundo cha mguu, na nyonga haina usikivu huo. Tafuta uwanja tambarare, injini ikiwa imeshapata moto. Ingiza gia ya kwanza, usiguse mafuta kabisa, kisha inua mguu polepole mno. Itafika mahali sindano ya resi ishuke kidogo, mlio wa injini uwe mzito, na pua ya gari ijiinue. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tuliza mguu hapo mpaka gari lianze kutambaa lenyewe, ndipo umalizie kuachia. Rudia mpaka mguu uende mahali pale bila kupatafuta. Ni zoezi la kuchosha, lakini sijaona lingine linalofundisha haraka kama hili.

Ukiingia barabarani, resi 1,200 hadi 1,500 zinatosha kuondokea. Kwenye mlima mkali labda 1,800. Inua klachi upesi hadi inaposhika, tua hapo kama sekunde moja, kisha achia kipande kilichobaki taratibu. Wengi hufanya kinyume: wanakwenda polepole mwanzoni, ambako hakuna kinachotokea, halafu wanaiachia ghafla pale inapohitaji upole. Mlimani tumia breki ya mkono. Ongeza resi, leta klachi inaposhika, subiri nyuma ya gari ididimie kidogo, ndipo ushushe breki. Gari halitarudi hata inchi, na hutahitaji kulishikilia kwa klachi.

Kuna wanaopenda kupandisha resi hadi 5,000 wakaiachia klachi kwa mpigo. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili likifanyiwa hivyo, matairi huteleza na kumeza mshtuko. Kwenye WRX matairi yote manne yanashika lami, hivyo mshtuko unarudi kwenye klachi, na klachi ikiukataa unaingia kwenye meno ya gia. Giaboksi hizi za gia tano zinajulikana kwa kuvunjika meno kwa matumizi ya aina hiyo. Wakenya tulipenda Impreza kwa haki, Colin McRae alipotwaa Safari Rally ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, lakini magari yale yalikuwa na giaboksi za mashindano na mafundi wakisubiri mwisho wa hatua. Lako lina giaboksi moja, na lazima likupeleke kazini kesho.

Sasa kubadilisha gia. WRX nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina uwiano (mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi) wa 3.454 kwa gia ya kwanza, 1.947 kwa ya pili, 1.366 kwa ya tatu na 0.972 kwa ya nne. Ukiitoa ya kwanza kwenye 4,000, gia ya pili inataka injini iwe kama 2,250. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kwa resi hizo hizo, inataka 2,800. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenda ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayowarusha abiria mbele. Ipe muda: toa mguu kwenye mafuta wakati ule ule unapokanyaga klachi, vuta kijiti, subiri resi zishuke, ndipo uachie. Kijiti kisukume kwa kiganja kilicho wazi. Ukikikaba, unakivuta upande bila kujua, na hapo ndipo mtu anapotoka gia ya tatu akitafuta ya nne akaangukia ya pili. Kwa 6,000 kwenye ya tatu, ya pili inailazimisha injini kupita 8,500. Kikomo cha resi hakikuokoi, maana kinakata mafuta tu ilhali magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini.

Kushuka gia ni hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa. Kwa 3,000 kwenye ya nne, ya tatu inataka 4,200. Klachi ikiwa chini, dokoa mafuta resi zipande kiasi hicho, kisha achia. Bila hivyo diski ndiyo inayoivuta injini juu, na kwenye barabara yenye maji mshtuko huo unaweza kuyatelezesha matairi.

Usikanyage mafuta mpaka chini ukiwa gia ya tano kwa 1,500. Injini inabeba mzigo mkubwa ikiwa polepole, inaanza kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, na pistoni ndizo zinazoumia. Ukitaka kulipita lori, shuka hadi uwe juu ya 3,000 kabla hujatoka kwenye msitari wako.

Kwenye foleni weka nyutro, toa mguu. Mguu unaopumzika juu ya pedali unaila beringi ya klachi. Mafuta ya klachi ni DOT 3 au DOT 4, ya aina ile ile ya breki. Pedali ikilegea kisha ikakaza baada ya kuipampu, kuna hewa au silinda inavuja. Giaboksi ya gia tano inachukua lita 3.5 za mafuta ya gia ya 75W-90 GL-5, zinazolainisha pia difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele), na ina kijiti chake cha kupimia, kwa hiyo hakuna sababu ya kukisia. Kuipima klachi yenyewe, nenda gia ya nne kwa 2,500 kwenye barabara iliyo wazi, kanyaga mafuta yote. Sindano ya resi ikiruka na ya mwendo ikabaki, diski imekwisha.

Fundi akishusha giaboksi, badilisha diski, presha pleti inayoibana, beringi ya klachi na ile ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo diski hushika) kwa pamoja, flaiwili ipelekwe kusawazishwa uso, na sili ya nyuma ya injini iangaliwe, maana mafuta yakiigusa diski mpya umepoteza kazi yote. Kisha iendeshe kwa upole kilomita 500 hadi 1,000 mjini. Kilomita za barabara kuu hazisaidii sana, kwa kuwa kule klachi imeshika muda wote. Ni kule kusimama na kuondoka kwingi kwa resi ndogo ndiko kunakofanya diski na flaiwili zikubaliane.