Sura ya 9 imekubali (rasimu ya kumi na mbili)

Imekubali. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane kasoro, nimeweka nukta ya mwisho ya Sura ya 9 ya riwaya yangu, na wala haikuisha kwa njia niliyoipanga.

Mnaofuata kumbukumbu hizi mnamjua Makame na baba yake, Mzee Haji, fundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja. Sura nane nzima kijana anasubiri mzee amwambie neno moja tu la kumkubali, na mimi nimeshindwa kumtoa mzee neno hilo bila kuona haya mwenyewe.

Rasimu ya kwanza alilisema kitandani, roho ikitoka. Nilipoisoma kwa sauti nikasikia kabisa muziki wa filamu. Ya nne akamkabidhi mwanawe tezo, kishoka chake cha kuchongea mbao: "Chukua, sasa ni yako." Tezo za urithi tumeshaziona ngapi? Ya saba mzee akalia. Mzee Haji! Mtu aliyemzika mkewe asubuhi, jioni akarudi kuchonga mataruma, zile mbavu za chombo. Nilifuta kwa hasira bila kuweka nakala, nikajuta siku mbili, maana mle mlikuwa na mvua nzuri sana.

Halafu kuna ile kero ya wanaume wawili kwenye chombo kimoja. "Alimtazama, akampokonya patasi, akanyamaza." Nani kampokonya nani? Nikasema basi niandike "baba" kila mahali. Nikaja kuhesabu, kurasa 11 zina "baba" 94. Mwisho nikampa mzee kikohozi. Akitaka kufanya lolote anakohoa kwanza, msomaji anajua ni yeye. Ujanja wa bei rahisi, lakini umenitoa.

Kilichonivusha ni simu. Mwezi uliopita nilishinda ufukweni nikirekodi kwa simu mafundi wakitia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo, kwa ajili ya aya mbili za Sura ya 3. Pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, inashindiliwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Fundi mmoja aliniambia yeye hategemei macho, anasikiliza: pamba ikiwa legevu nyundo inalia bubu, ikishiba inalia kavu. Basi Jumamosi usiku nilikuwa naosha vyombo (vya jikoni, si vya baharini) huku naisikiliza ile rekodi. Ko, ko, ko, ko. Ikakatika. Nikabaki nimeshika sufuria yenye povu, nangoja nyundo.

Sasa ni hivi. Tangu Sura ya 2, kila Makame akimaliza mstari wake na kwenda kisimani kuoga, nyuma yake anasikia ko, ko, ko: mzee anairudia kazi yake yote. Kila jioni, miaka sita. Sura ya 9 ndoo inafika juu, kikohozi kinasikika. Makame anangoja nyundo. Hailii.

Na hapa najipongeza bila aibu: kijana haelewi. Anadhani mzee amemkatia tamaa, hata kumrekebisha hataki tena. Anaoga analia. Usiku mzee anasema kitu kimoja tu: "Kesho uwahi. Maji makuu ya bamvua hayamngoji mtu." Anainua sahani yake ya ugali anaondoka nayo. Basi.

Rasimu hii nimeiandika kwa penseli kwenye kaunta buku ya kwaya mbili. Kompyuta nimeigomea. Programu ya kuandikia inachora mstari mwekundu chini ya kalafati, chini ya mataruma, na keekee, kifaa cha kutobolea mbao, inataka niibadilishe iwe kelele. Unaandika huku unagombezwa. Penseli haina maoni.

Mpango wa wiki ulikuwa Sura ya 10, harusi. Sijaigusa. Nimerudi nyuma kupanda nyundo, kwa sababu msomaji asipoizoea ile ko-ko-ko hatausikia ukimya wake. Sura ya 2 imepokea vizuri. Ya 4 nimeipa mapigo matatu tu, Makame akiwa na homa kitandani. Ya 6 inanisumbua: ni masika, chombo kimefunikwa makuti, hakuna anayetia kalafati mvua inamwagika.

Jana kaka yangu akaisoma ya 9. Akauliza kama yule ni baba yetu. Nikamwambia acha mambo yako, baba alikuwa dereva wa lori, nyundo kaishika lini? Akasema, "Lakini kila usiku nilipofunga geti, alikuwa anatoka kwenda kulishika komeo."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ndala zake zikiburuta uani, komeo likilia, ndala zikirudi.

Sura ya 6 nyumba ya Mzee Haji ina mlango, na mlango una komeo. Harusi itangoja.